Mapaja ya Yusufu

Mama Hadija,

Amahoro, amani iwe nawe huko uliko. Nianze na mtoto, maana najua ndiye utakayemuulizia kwanza. Yusufu anaketi sasa, akiegemezwa mto. Ana macho yako. Hadija anambeba mgongoni kwa kitenge chako, anajifanya wewe.

Lakini kuna jambo limeninyima raha, na sina mwingine wa kumwambia.

Ile chanjo yake ya mwezi na nusu ilipofika nilikuwa kwenye mashine ya mawese, na unajua kazi ile haikuachii asubuhi. Mama yangu akasema, "Wacha, mimi nitamupeleka." Akarudi: "Wamemudunga, iko sawa." Nikashukuru. Jioni nikimwogesha nikayashika mapaja yake. Laini yote mawili, hakuna uvimbe wa sindano. Hakushtuka. Usiku akalala fofofo. Nikakumbuka Hadija alipochanjwa, ulivyoniambia, "Leo hatulali, jitayarishe," na kweli alilia kwa homa mpaka alfajiri. Nikajiambia watoto hawafanani.

Mara ya pili, vilevile. Basi moyo ukaanza kuuliza. Nikawa namwangalia mama yangu mzazi kama mtu aliyeniibia.

Siku ya chanjo ya tatu niliomba ruhusa kazini, nikamfuata kwa mbali. Hakushika njia ya kituo cha afya. Aliteremka ziwani kwa rafiki yake anayeanika samaki wa ndagala, wakakaa kivulini wakizungumza, Yusufu akicheza na kidole chake.

Nilipotokea hakukana.

"Ni mimi nilimushika mukono bibi yako, mama ya huyu mutoto, siku ya kumuzaa," alisema. "Walimudunga sindano, akafunga macho. Na huyu nimupeleke kwa watu walewale?"

Nikuambie kweli? Hata mimi nimeiwaza sindano ile. Nimeiwaza sana. Nikambeba mwanangu, nikarudi naye nyumbani hivyo hivyo.

Wiki hiyo kifaduro kikaingia kwa majirani. Kichanga wao, naye hajachanjwa, alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Tulimsikia kupitia ukuta. Halafu hatukumsikia tena.

Tuliporudi kutoka makaburini kumzika, mama akasema, "Twende. Lakini nitaangalia kila kitu."

Kituoni nilianza na wewe, Mama Hadija. Nilimuuliza muuguzi ni sindano gani uliyopigwa siku ile. Akasema damu ilikuwa imekataa kusimama, na sindano ilikuwa ya kuisimamisha. Nilimtazama usoni nione kama anaficha kitu. Sikuona. Bado siku nyingine nashtuka na swali lilelile, lakini simtwiki tena mtoto.

Mama akataka sindano ifunguliwe mbele yake. Ikafunguliwa. Yusufu alilia, na mama akalia kumzidi. Muuguzi alisema chanjo alizokosa atazipata moja baada ya nyingine, lakini miezi yote ile tulimwacha wazi, na ni bahati tu ugonjwa haukumkuta. Neno hilo, bahati, limenikaa kifuani. Mtoto wa jirani alikuwa na kosa gani?

Pumzika, mke wangu. Zilizobaki nitampeleka mwenyewe, kwa siku yake, na ile ya surua akifika miezi tisa. Mama atakuja nasi, hataki kuachwa. Ila mguu wa Yusufu nitaushika mimi. Sitamtuma mtu.

Baba Hadija