Ruksa Hataki Biskuti

Jumatatu, 1 Machi 1999

Gunia limefika. Limetoka Nairobi kupitia Sirari, lina picha ya mbwa anayecheka. Mbwa gani anacheka! Ndani ni vipunje vikavu vya kahawia. Walinzi wanaviita biskuti. Bernado, mkuu wao, mtu wa Bunda, alisema kwao hiyo inaitwa mavi ya mbuzi.

Meneja alinisimamisha mbele yao wote. Wakaguzi wa Ulaya wanakuja mwisho wa mwezi kuangalia kiwanda. Hawataki kuona mbwa anakula samaki uwanjani. Kuanzia leo mbwa wale gunia tu. Atakayekataa, risasi. Kiwanda cha minofu si zizi.

Mbwa ni wawili. Hektor ni wa meneja, wa kizungu, huyo amekua na gunia. Na Ruksa. Ruksa alikuja mwenyewe kwenye uzio, na walinzi wakampa jina hilo kwa sababu anaingia popote bila kuuliza. Kazi yangu niliyoandikiwa ni kufagia mapanki, yaani vichwa na migongo ya sangara inayobaki minofu ikishakatwa. Mbwa niliongezewa tu.

Nilimwekea Ruksa vipunje. Kanusa, kanitazama, kaondoka. Ana watoto watatu, wiki ya tatu sasa, nyuma ya chumba cha jenereta. Si wakati wa kumbadilishia chakula huu!

Jumatano, 3 Machi

Hajagusa. Nimelowesha kwa maji moto. Nimeponda. Nimechanganya na ugali wangu – akala ugali, akaacha vipunje chini kimoja kimoja, vimelambwa vikang'aa.

Marcelina, anayetupikia getini, aliniona nimechuchumaa nikimbembeleza. Akasema, wewe kaka wa Ludewa, mwaka wa themanini na nne sisi tulikulaga unga wa njano na tukashukuru, leo mbwa anakataa chakula kilichopanda gari! Nikamwambia ananyonyesha. Akasema, na mimi nilinyonyesha, mbona hukuniletea gunia? Lakini alinifungia ukoko kwenye gazeti.

Mbavu za Ruksa zimetoka. Watoto wanavuta, wanalia, wanavuta tena.

Naandika ukweli kwa kuwa hakuna wa kusoma. Tangu barua ya Januari sina mtu. Kaka aliandika kwamba mke wangu Hyasinta kahamia kwa mwanamume wa Mlangali, na vyombo kabeba. Miaka minne nasema mwakani narudi. Mwakani! Sasa asubuhi nikifika kazini kutoka Nyakato ninakolala, anayenikimbilia ni mbwa. Aibu kuandika. Ndivyo ilivyo lakini.

Ijumaa, 5 Machi

Nimevunja amri.

Enoka, anayepokea samaki kutoka kwenye mitumbwi, leo alikataa wengi. Anabonyeza kwa kidole, kidole kikizama anasema rijekti, samaki anakuja kwangu nitupe. Lundo likawa kubwa. Karibu wote wamekatwakatwa na nyuzi za wavu. Nikachambua taratibu mpaka nikapata mmoja mzuri kuliko wote. Mwili safi. Hana alama ya wavu, mdomo haujachanwa na ndoana. Nilifurahi kama nimeokota kitu! Nikasema mama huyu kashinda njaa siku nne, asile makombo.

Nilimpa mbichi, na matumbo yake yote, maana ndiyo anayoyapenda. Huko nyuma ya jenereta, saa kumi jioni, meneja yuko ofisini.

Alikula amefumba macho. Mkia huo! Kisha akajilaza ubavu na watoto wakamvamia. Nikakaa nikiwaangalia kama mtu mwenye kwake.

Jumapili, 7 Machi

Ruksa amekufa jana. Bunda, kabla ya saa sita.

Niandike kwa mpangilio. Jana asubuhi hakuja getini. Nilimkuta amelala ubavu, anatetemeka mwili mzima, mate yanamtoka, miguu inapiga hewani kama anakimbia. Watoto bado wamemng'ang'ania. Niliwatoa. Mmoja alikuwa wa baridi tayari.

Meneja alikuja, akanusa, akajua. Niliagiza nini? akasema. Gunia. Mtazame Hektor. Hektor alikuwa kwenye baraza la ofisi, anajilamba makucha, mzima.

Bernado ndiye aliyenisaidia. Bwana mifugo wa hapa kasafiri, akasema, nenda kwa Wanzagi, bwana mifugo wa kwetu Bunda, pale Manyamanyama, huyo huwa hachagui mgonjwa. Watoto wawili waliobaki akawachukua kibandani kwake. Akasimamisha lori lililokuwa linarudi Bunda kuchukua pamba. Nilikaa nyuma na Ruksa kwenye turubai, nimemshika kichwa kisigonge ubao.

Wanzagi alimwangalia macho tu. Akauliza, kanywa dawa ya pamba, ile ya kupulizia wadudu? Nikasema hapana, kiwandani hakuna pamba. Akasema kila msimu wa kupuliza analetewa mbuzi wa hivi, wakitetemeka hivi hivi. Kala nini? Sangara, mbichi. Ana alama ya wavu? Nikajibu haraka, karibu kwa majivuno – hana! Nilichagua mwenyewe.

Akashusha sindano.

Akasema, kaka, dawa ya pamba siku hizi haiishii shambani. Wapo wanaoimwaga ziwani, samaki wanaelea, wanaokota. Asiye na alama ya wavu wala ndoana hakuvuliwa huyo. Kaokotwa.

Nilichagua mwenyewe. Kwenye lundo zima.

Alimchoma sindano, akasema tusubiri. Nikamuuliza, kwa hiyo meneja alikuwa sahihi? Ningempa gunia tu? Akasema gunia halijui, wala meneja hakujua habari ya sumu. Mbwa wa kwa baba yake walikulaga mbichi mpaka wakazeeka bila meno. Ubichi haujamuua mbwa wako, akasema, mtu kamuua. Sijui kama alisema hivyo kunifariji. Haikunifariji.

Ruksa alinyoosha miguu mara moja, akaacha.

Lori la kurudi lilipata pancha njia panda ya Butiama. Nikaona bora kumzika hapo kuliko kumrudisha atupwe na mapanki. Nikaomba sururu. Dereva alicheka. Unazika mbwa? Tuite na padri? Nikachimba tu. Baadaye akashuka, akaleta jiwe moja kubwa, akaliweka juu. Fisi, akasema. Basi.

Jumatatu, 8 Machi

Nilimwambia Enoka. Alinishika mkono akanivuta pembeni ya mizani. Nyamaza, akasema, wakaguzi wanakuja, ukitamka sumu kiwanda kinafungwa, mimi na wewe na watu wote hawa tutakwenda wapi? Nikamwambia wewe ndiye unayebonyeza, ungeweza kuangalia na alama. Akasema anabonyeza samaki mia ngapi kwa siku, kisha akarudi kwenye mizani.

Meneja alinisomea karatasi. Mbwa amekufa kwa kulishwa samaki mbichi kinyume cha maagizo. Nikaweka sahihi. Hakuna neno la uongo hapo. Ndilo linaloniuma.

Ya alama nilimwambia yeye pia. Akasema hilo si la mfagiaji.

Nilimwambia Marcelina. Aliuliza mara moja tu, una hakika? Leo kapika maharage peke yake. Waliomuuliza samaki aliwajibu hajisikii kukaanga.

Jumatano, 10 Machi

Wa pili kafa. Wanzagi alisema maziwa yale ya mama nayo huenda yalikuwa na sumu. Walinyonya usiku mzima baada ya mimi kumshibisha mama yao.

Amebaki jike mdogo, mwenye doa sikioni. Sijampa jina. Sitaki.

Meneja leo alikuwa mpole, na upole wake ni mbaya kuliko kelele. Akasema huyo mmoja anaweza kubaki akizoea gunia tangu mdogo. Mpaka wakaguzi wafike tutakuwa tumejua. Nikasema ndiyo bwana.

Bernado kaleta maziwa ya ng'ombe kwenye chupa, mabichi, kutoka kwao. Nikayashika, nikamuuliza ng'ombe wenu wanachunga wapi. Akasema pembezoni mwa mashamba. Mashamba ya nini? Akanitazama. Ya pamba, kaka, kwani kwetu kuna nini kingine? Watoto wangu wananywaga haya kila siku! Kakasirika. Ana haki. Nikampa Marcelina ayachemshe, kisha nikaogopa hata yaliyochemshwa, nikamwaga. Mtu mzima anamwaga maziwa.

Mtoto kanywa maji tu. Na uji mwepesi wa Marcelina kijiko kimoja, akatapika.

Alhamisi, 11 Machi

Mapumziko ya mchana. Niko nyuma ya jenereta, daftari gotini, mtoto kwenye mapaja.

Nimeponda biskuti kwenye kikombe, maji ya uvuguvugu, mpaka zikawa uji mzito. Zinanukia vizuri, si uongo. Nimempaka mdomoni. Anatikisa kichwa, anapiga chafya, inaruka kwenye shati langu. Tena. Tena anageuza uso. Ni mwepesi kama kofia.

Nikamwambia kula, mama yako alikataa, umeona yaliyompata. Kumbe naongea kwa sauti, walinzi wamenisikia. Hakuna aliyecheka.

Sasa hivi kapata kidole changu. Cha shahada, mkono wa kushoto. Anakinyonya kwa nguvu ambayo sikujua kama anayo, miguu ya mbele inakanda kiganja, mkia unatingishika. Mara ya kwanza tangu Jumamosi anataka kitu.

Nilinawa kwa sabuni mara tatu kabla ya kuja. Bado mkono unanuka sangara, haujaacha kunuka kwa miaka minne. Tangu asubuhi nimeshika samaki wangapi? Wenye alama, wasio na alama – sikuangalia wote. Nani anaweza kuangalia wote!

Kikombe kiko hapa. Nikitoa kidole nikachovya, atajua. Nimejaribu, amelia.

Nimerudisha. Ananyonya. Filimbi ya kazini imelia, na mimi sijainuka bado.