Mtoto Atakuja Sura ya Ngapi

Buzebazeba, Kigoma
Jumapili, 10 Agosti 2025

Kwa Shangazi yangu mpendwa Honorata,

Shikamoo, na mwakeye ya Kiha juu yake, kama ulivyonizoesha kuwaamkia wakubwa kabla sijajua neno la Kiswahili. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti la kushoto limepunguza ukorofi sasa baridi ya Kalinzi inapoelekea kuisha. Mimi mwili ni mzima. Nasema mwili kwa sababu hayo mengine utayasikia, na sitaki uanze kufunga mzigo uje kuniuguza.

Mwalimu Oswald, shikamoo nawe. Najua ni wewe unayesoma, maana macho ya shangazi hayaoni tena mwandiko, na katekista wa jumuiya ndiye mwenye miwani mizuri kuliko wote hapo. Nakuomba usiruke mstari hata mmoja, wala usilainishe sauti pale ninapostahili kukemewa. Nafahamu una huruma na mimi. Leo nakuomba huruma yote umpe yeye.

Habari za huku ni za kawaida. Upepo wa ziwa umekuwa mkali wiki nzima, na mboga imekuwa dagaa wa juzi, waliokauka mpaka wanachoma ulimi. Shuleni nimepewa darasa la tatu, watoto sabini na mmoja, na wote wanaongea kwa pamoja. Madaktari wa macho wanatarajiwa mwezi wa tisa, nimekwisha kukuandikisha jina; wanasema mtoto wa jicho kama wako hutolewa asubuhi na jioni mtu anahesabu vidole. Yule jogoo wako bado yupo. Amenenepa, ana kiburi, anawafukuza kuku wa jirani. Habari zake nitazirudia.

Theophil anakusalimu sana. Bado yuko idara ya uvuvi na bado Kiha chake ni cha kuchekesha, lakini Mhaya huyu hachoki kujaribu. Kama tulivyokueleza ulipotupokea wakati wa Pasaka, tumepanga matangazo yetu ya ndoa yaanze kusomwa kanisani mwezi ujao. Jumapili tatu mfululizo, kama desturi ilivyo, ili mwenye kizuizi aseme. Nilidhani ningezingoja Jumapili hizo kwa furaha. Siwezi kukaa kwenye benchi na kuzisikiliza hadi nimalize barua hii, na ukishasikia yote ukasema nisikanyage tena uwanjani kwako, nitakuelewa.

Sasa kitabu. Unajua kimetoka mwezi uliopita, na kwamba tarehe ishirini na nne kitabarikiwa hapa parokiani, nawe umealikwa kukaa kiti cha mbele. Watu wananisimamisha njiani. Mama mmoja wa sokoni alinishika mikono yote miwili akaniambia amelia. Wanapenda jinsi hadithi inavyokwenda huku na kule: sura moja iko leo, kwa mwalimu wa kike anayefundisha kando ya ziwa na kuota kuwa mwandishi, sura inayofuata inarudi zaidi ya miaka thelathini nyuma, kwa Jovita, msichana wa milimani anayeficha madaftari yake chini ya magunia ya kahawa na kumpenda fundi mwashi anayejenga kanisa. Mwalimu anayaokota madaftari, anajifunza kupenda na kusali kupitia kwayo, na katika sura ya mwisho anampelekea Jovita mwenyewe, bibi sasa, na wanakumbatiana. Hapo ndipo wengi hulilia. Padri alisema mwisho ule umeandikwa na mtu mwenye dhamiri safi. Nilitazama viatu vyangu, watu wakadhani ni unyenyekevu.

Niliposikia kwamba jumuiya yenu imeanza kukisoma kila Jumatano, sura moja moja, nilishindwa kula. Kisha Ijumaa Bonifasi akafika na pikipiki yake, amebeba kahawa uliyonitumia na ujumbe wako wa mdomo. Alisimama mlangoni, akanyoosha mgongo kama mtu aliyetumwa na serikali, akasema umemwagiza mambo mawili. La kwanza, kwamba mmefika sura ya nne na msomaji wenu anasoma vizuri, ila nimekosea kuhusu vile viatu vyeupe ambavyo Jovita alivaa Jumapili ya tangazo la kwanza. Ukamwambia anieleze kwamba havikuwa vyake, viliazimwa kwa Brigita, vilimbana, na msichana alitembea peku mpaka mlango wa kanisa ndipo akavivaa. Bonifasi akacheka, akasema shangazi yako anazungumza utafikiri alikuwepo. La pili lilikuwa swali. Nitalijibu mwishoni, kwa sababu ndilo lililonikalisha niandike.

Shangazi, hukuuliza kwa hasira, Bonifasi ameniapia. Alisema ulikuwa unachambua maharage. Ningeona nafuu kama ungetukana.

Madaftari yako hayakuzama. Yote sita yapo humu ndani, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda changu, katika ule ule mfuko wa nailoni uliouzungushia kamba ya mgomba. Bado yananukia kahawa. Ulinikabidhi Krismasi ya mwaka 2021, macho yalipoanza kuziba, ukaniambia mimi ndiye mwalimu katika ukoo, niyapige chapa ili siku moja usomewe maneno yako na mtu mwingine kabla hujafa. Hukuniomba kingine. Maisha yako yote sikumbuki ukiniomba kitu kingine chochote.

Nilianza vizuri. Kule Mwamgongo, nilikokuwa nafundisha, kila Jumapili baada ya ibada, nilikaa kwenye ngazi ya nyumba ya walimu nikanakili ukurasa baada ya ukurasa. Wakati huo nilikuwa na hadithi yangu mwenyewe, ile ya mwalimu, ambayo Bwana Gasper, mhariri wa vitabu vya kanisa, alikuwa ameirudisha mara mbili. Alisema mwalimu wangu anahubiri sana na hakosei kamwe. Basi nikachukua kurasa zako kumi nikazipachika katikati, nikijidanganya kwamba najaribu tu. Akanijibu ndani ya wiki. Aliandika kwamba sehemu ya sasa bado inafundisha, lakini sehemu ya zamani inapumua, na akaniuliza nimejifunza wapi kuandika namna ile. Shangazi, ningeweza kujibu kwa neno moja. Nilimwandikia kwamba nimejaliwa.

Baada ya jibu lile kila kurasa kumi zilidai nyingine kumi. Nilibadilisha majina, nikahamisha kijito, nikakuvisha viatu ambavyo hukuwa navyo. Sentensi zako sikuzigusa kwa sababu kila nilipozigusa ziliharibika.

Kisha ukaja Juni ule wa dhoruba. Ni kweli nilikuwemo kwenye boti kutoka Mwamgongo, ni kweli injini ilizimika na mawimbi yakaingia, na ni kweli nahodha aliamuru mizigo itupwe tupone. Wangu uliotupwa ulikuwa gunia la mihogo. Madaftari nilikuwa nimeyapakata, nimeyafunga kifuani kwa kanga. Nilipofika nchi kavu ukanipigia, na hukuuliza madaftari. Uliuliza kama nimepona, mara nne, ukalia. Ulisubiri siku tano ndipo ukauliza, tena kwa sauti ndogo, kama mtu anayeona aibu kuulizia karatasi wakati mtoto wake amenusurika. Nami nikasema yamezama. Lilitoka kirahisi mno. Wakati huo mswada ulikuwa tayari kwa Bwana Gasper wenye jina langu juu, na ziwa haliwezi kuitwa kutoa ushahidi.

Ukasema Mungu alitaka madaftari akakuachia mtoto, na kwamba amechagua vizuri.

Halafu ukaniombea misa ya shukrani. Hapo ndipo, Mwalimu Oswald, nakuomba usome taratibu. Ulipanda altareni Kalinzi, Shangazi, na mkungu wa ndizi kichwani na jogoo mkononi, mimi nikiwa kando yako na gauni ulilonishonea, na kanisa zima likaimba kwa ajili ya msichana aliyeokolewa majini. Niliimba nao. Baada ya misa, kwenye mnada wa matoleo, Mwalimu Oswald akamnunua yule jogoo akanikabidhi mimi, akasema ni wa kunikumbusha wema wa Mungu. Watu wakapiga vigelegele. Nikarudi na jogoo huyo, nikahama naye hadi hapa mjini, na nimeshindwa kumchinja. Kila alfajiri anapowika namkumbuka Petro pale uani akiota moto na wale waliomkamata Bwana wake. Petro alitoka nje akalia sana. Mimi nilivuta shuka nikajifunika.

Sasa swali lako. Bonifasi alisema umemwagiza aniulize, mtoto atakuja sura ya ngapi.

Haji, Shangazi. Hayumo. Nilimtoa.

Daftari la sita nilikuwa nimelisoma, tena zaidi ya mara moja. Tangu utotoni niliambiwa kwamba Telesphory, fundi wako, alipata kazi Kasulu akakusahau, na wewe ukaona bora ubaki na kahawa yako. Wewe mwenyewe uliniambia hivyo, ukicheka. Kumbe tangazo la kwanza lilisomwa, la pili likasomwa, na katikati ya wiki baba yangu akapanda mlima amebeba kichanga cha siku tisa kwa sababu mama yangu alikuwa amezikwa. Kumbe Telesphory alisema mtoto apelekwe kwa masista, ndoa iendelee. Kumbe Jumamosi ulikwenda peke yako kwa padri ukamwomba tangazo la tatu lisisomwe. Umeandika kwamba Jumapili ile ulikaa benchi la pili, watu wakikusubiri utoke kwa aibu, na hukutoka, kwa sababu mtoto alikuwa amelala mgongoni na hukutaka aamke. Umeandika hivyo tu, na baada ya hapo daftari lina kurasa tupu kumi na saba. Nimezihesabu. Hukuandika tena.

Kurasa zile ni mimi. Mume wako ni mimi, vitabu vyako ni mimi. Kwa hiyo nilipofika hapo katika kitabu nikashindwa kumwandika mtoto yule. Nilisomesha tangazo la tatu, nikakuozesha sura ya nane kwa ngoma na viatu vyeupe, na Bwana Gasper akafurahi. Nilijiambia kwamba nakupa zawadi. Uongo. Nilikuwa naogopa kwamba msomaji akimwona yule mtoto angeuliza amekua akawa nani, na jibu lingekuwa kwamba amekua akawa mwizi. Kukuibia maneno naona aibu. Lakini kuondoa jambo kubwa kuliko yote uliyowahi kufanya, na kuliondoa kwa sababu lilifanywa kwa ajili yangu, hilo sijui hata aibu yake inaitwaje.

Theophil nilimweleza jana. Alinisikiliza mpaka chai ikapoa, akaniuliza tu kama madaftari yamepatwa na unyevu, kisha akasema kabla ya kwenda kwa padri kuandikisha matangazo, niende kwa shangazi. Bwana Gasper nimemwandikia leo asubuhi. Nimemwambia nusu ya kitabu iliyo hai ni ya Honorata wa Kalinzi, kwamba kisibarikiwe kikiwa na jina langu peke yake, na kwamba sura ya nane ni ya uongo. Atakavyoamua ataamua. Padri naye nitamweleza, na kama Jumapili ile ya kukibariki kutakuwa na kusimama mbele ya watu, nitasimama kusema haya. Kalinzi nitasimama pia, mahali pale pale nilipoimba.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nakuomba mambo mawili. Jumatano msiendelee na sura ya tano, mngoje. Na usimkataze mbwa asinibwekee nikifika, nastahili.

Msalimie mama Martini hapo jirani na wote wa jumuiya, hata kama baada ya haya hawatazirudisha salamu zangu. Mwalimu Oswald, asante kwa kusoma, na samahani kwa jogoo.

Mtoto anakuja Jumamosi, Shangazi. Atakuja na pikipiki ya Bonifasi, na madaftari sita kifuani na jogoo kwenye tenga. Atakaa mlangoni mpaka umwite. Ukimruhusu, atakusomea yote kwa sauti, maneno yako kama ulivyoyaandika, na akifika Jumapili ile ya benchi la pili hataruka. Zile kurasa kumi na saba atakuachia wewe.

Ni mimi, yule wa mgongoni,
Skolastika