Maski ya Mtoto wa Zubeida

Shangazi Risper mpendwa, naomba msaada, na tafadhali usinitaje jina kwa sababu humu wodini sote tunasoma ukurasa wako.

Mimi ni wa Bura, lakini tangu nijifungue kabla ya wakati niko hospitalini hapa Voi, mwanangu yuko nasari, chumba cha watoto wachanga, kwenye mashine ya kumsaidia kupumua, ile inayompulizia hewa puani, na jirani yake ni mtoto wa Zubeida wa Bomeni, na hapo ndipo shida yangu inapoanzia, Shangazi, kwa sababu huyo mwanamke kila kitu chake kinaenda. Tukikaa kukamua maziwa kikombe chake kinajaa mpaka anacheka, changu kinalowa chini tu, nesi Tryphena akipita anasimama kwake wanapiga soga, na mume wake alipokuja kutoka Taveta aliwaletea manesi mkungu mzima wa ndizi, nami nikajiambia haya, tutaona.

Sisi akina mama tuna ngazi zetu humu. Mtoto wa maski ya puani tunasema amepanda, wa ile mirija miwili mifupi inayoingia puani bado yuko chini. Wangu alikuwa na maski, wa Zubeida mirija, na sitakudanganya, hiyo ndiyo ilikuwa raha yangu pekee. Sasa leo asubuhi nesi Tryphena ananiambia, "Mama, tutamtoa maski tumwekee mirija, hapa juu ya pua pameanza kuwa pekundu," kugeuka hivi naona mtoto wa Zubeida ndiye amevalishwa maski! Siku hiyo hiyo! Wivu ulinichoma nikaona giza, nikasema hakuna mtu kugusa mtoto wangu, maski yake haitoki mpaka ya yule nayo itoke. Nesi amesema atarudi mchana tuongee. Nimempigia mume wangu Gibson avune kabichi gunia zima awaletee manesi, kama ni ndizi zinazoongea basi na kabichi zitaongea, na nikishindwa namhamishia mtoto Mombasa. Zubeida ameniuliza, "Dada, mbona umenuna?" nikajifanya nimelala. Nifanye nini?

Mama wa Masikitiko

SHANGAZI RISPER ANAJIBU

Mama, jibu hili nimekutumia kwa simu mara tu nilipomaliza kukusoma. Wasomaji wengine wataliona baadaye, kwa sababu pua ya mtoto haingoji gazeti.

Pole sana. Kuzaa kabla ya wakati humtikisa mtu, na wivu ukimkuta mama amechoka humpanda kichwani upesi. Lakini sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: umekosea.

Nimempigia daktari wa watoto ninayemwamini. Anasema maski na mirija hufanya kazi moja, hupeleka hewa ile ile kutoka mashine ile ile. Maski hukandamiza juu ya pua, mirija hubana katikati ya matundu. Ngozi ikianza kuwa nyekundu manesi hubadilisha ipate kupumzika, isije ikachubuka, na saizi huchaguliwa kwa pua ya mtoto mwenyewe. Ndizi hazipimi pua, mama, na kabichi hazitapima. Hizo ngazi zenu mmezijenga wenyewe pale kwenye vikombe vya maziwa. Sasa jiulize kwa nini mtoto wa Zubeida ametolewa mirija. Huenda naye pua ilikuwa inamuuma. Umemwonea mwenzako wivu kwa kidonda!

Na habari ya Mombasa isahau. Mtoto anayepumulia mashine hasafirishwi kwa hasira za mama yake.

Usingoje mchana. Inuka sasa hivi umwendee Tryphena umwambie, "Sista, badilisha." Simama hapo akuonyeshe mirija inavyotakiwa kukaa bila kubana, nawe uwe unaangalia wekundu na kumwita ukiuona, ila usiguse mwenyewe zile kamba za kofia yake zinazoishikilia. Mwombe pia akusaidie kuhusu maziwa, kwa sababu kununa hakutaongeza hata tone.

Kabichi Gibson alizokwisha kata azilete, wagawieni akina mama wa humo wapeleke kwao, na ya kwanza iwe ya Zubeida. Na akikuuliza tena mbona umenuna, usijifanye umelala. Muulize pua ya mtoto wake inaendeleaje.