Tone Ndani ya Jiwe Jeupe

Ikonge, Jumapili asubuhi

Mjukuu wangu Kerubo,

Sisi tu wazima. Majani chai yamechipua vizuri, na shangazi yako anakusalimu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unaeleza kwamba mnatazama kwa hadubini vitone vya majimaji vilivyonaswa ndani ya kwatzi, yale mawe meupe ya kung'aa, yalipokuwa yakikua, na kwamba vitone hivyo huwaonyesha njia iliyopitiwa na mafuta na gesi kabla ya kuhamia mbali. Kisha unauliza kwa nini nimekukataza kulivunja jiko la marehemu nyanya yako, unijengee la matofali.

Kabla hatujaoana, nyanya yako aliokota jiwe jeupe kwenye kilima cha Manga. Alipoliinamisha, tone lilisogea ndani yake. Mimi, mwalimu kijana mwenye kiburi, nikasema kwamba jiwe haliwezi kuwa na maji.

"Si utazame kwanza, mwalimu?"

Sikutazama. Nililipasua kwa nyundo. Kidole changu kikalowa kidogo, kikakauka papo hapo.

Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Haya, sasa umejua. Kesho utanionyesha nini?"

Jiko lile alilikandika kwa mikono yake mwenyewe. Karibu na mlango, alama za vidole vyake vitano zimebaki kwenye udongo wa ukuta. Kila asubuhi huweka vyangu humo. Vyake vilikuwa vyembamba.

Njoo Desemba, mjukuu wangu. Hadubini uje nayo. Nyundo iache huko huko.

Babu yako