Bibi Harusi Aliyecheka Chini ya Shela

Kineshma, 3 Septemba 1874

Mwanangu Yelisei,

Salamu nyingi. Sisi wazima, mguu wangu tu ndio msumbufu. Wewe je, huko Petersburg unakula?

Picha uliyoichora ya harusi ya dada yako Fevronia imefika. Nimehesabu: wanawake kumi na mmoja wanalia, na bibi harusi mwenyewe, chini ya shela, anacheka. Nani hajui kwamba asiyelia siku ya kuagwa kwao atalia maisha yake yote kwa mumewe? Mjane Mavra anakuja mwanzoni mwa Oktoba kuangalia nyumba, ampose Glikeria wetu, mdogo wake Fevronia, kwa ajili ya mwanawe. Akiona hiyo picha atasema mimi, niliyeanza kwa kuchuuza sindano kwa miguu, sikufunza binti zangu kulia. Njoo umtie bibi harusi machozi pichani.

Baba yako, Kondrat

Petersburg, 15 Septemba

Baba, shikamoo.

Pole na mguu. Mimi mzima, nakula kabichi asubuhi na jioni. Machozi siwezi, Baba. Wachoraji wa siku hizi tunachora tulichokiona. Shangazi aliongoza kilio huku pai imejaa shavuni, Fevronia angefanyaje? Na mumewe anampenda. Tafadhali usiiguse.

Mwanao, Yelisei

Kineshma, 5 Oktoba

Marahaba, mwanangu. Uzima upo, heshima ndiyo sina hakika.

Sikungoja. Nilimwita Pafnuti, anayechora watakatifu kanisani kwetu. Nilimwomba matone mawili. Ametia tisa, kila moja kama njugu, halafu akamzungushia kichwa duara la dhahabu. "Mkono umezoea, mzee," ananiambia.

Mavra aliingia, akapiga ishara ya msalaba, akainama mbele ya picha hadi sakafuni.

"Huyu mtakatifu gani?"

"Ni Fevronia wangu, siku ya kuagwa."

Akaitazama mpaka nikatoka jasho. "Mimi nililia hivi hivi, Kondrat. Na miaka thelathini ya ndoa sikunyamaza. Kama na huyu wa pili mnamlazimisha, semeni sasa." Akavuta shali yake, aondoke.

Glikeria alikuwa anachungulia mlangoni. Alipoliona lile duara kichwani mwa dada yake, aliangua kicheko. Nikajua posa imekwisha. Mavra akageuka, akamtazama, akaketi, akaomba chai.

Harusi ni baada ya wiki tatu. Glikeria anajifunza kulia tangu juzi. Hajatoa hata tone. Njoo na rangi zako, uchore utakachokiona. Ila bibi harusi mchore akiwa amegeuza mgongo.

Baba yako