Vita: Hakushiriki

Jumatatu, 4 Machi

Nimekata majani ya ng'ombe kabla mvua haijashuka. Mgomba mmoja umeangukia mfereji. Nimeukata vipande peke yangu. Kiuno kinauma.

Saa nne mjini, uhakiki wa wastaafu wa jeshi. Foleni ya wazee wa kiume, mwanamke ni mimi tu. Karani, binti mwenye adabu, akafungua jalada langu anionyeshe tarehe ya kuzaliwa. Macho yangu yakashuka hadi chini ya ukurasa. Vita: hakushiriki. Medali: hakuna.

Nikamwambia hapo kuna kosa. Akasema ndivyo ilivyoandikwa, Bibi. Nikatia sahihi, nikatoka.

Jumanne, 5 Machi

Nimekasirika. Wacha niandike hivyo hivyo.

Niliingia jeshini nikiitwa Anastazia Mushi, muuguzi msaidizi. Nilivuka mto Kagera nikiwa na miaka ishirini. Niliporudi nikaolewa na Lyimo, na nilipoacha jeshi nikaacha kwa jina la mume. Sasa jalada lililobaki ni la Lyimo. Mushi alikwenda vitani. Lyimo hakwenda popote.

Nimempigia binti yangu Neema, Dar. Akauliza medali itanisaidia nini umri huu. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa anaingia kikaoni. Nikamwambia haya mwanangu, endelea na kazi.

Baba wa wanangu, marehemu Lyimo, amelala hapo mgombani, hatua ishirini kutoka jikoni. Sikwenda kumwambia. Hata alipokuwa hai sikumwambia yote.

Ijumaa, 8 Machi

Nimerudi kwa yule karani. Inawezekana kurekebisha, anasema. Anataka cheti cha ndoa, hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni yangu, na shahidi aliyehudumu nami. Shahidi aandike tukio moja tulilokuwepo wote wawili. Watalilinganisha na taarifa ya kikosi.

"Moja tu linatosha, Bibi. Lile mnalolikumbuka vizuri."

Nilijua ni lipi.

Daktari wa kikosi chetu alishafariki. Wengine sijui walipo. Mzee mmoja kwenye foleni akaniambia Rajabu, dereva wetu wa lori la majeruhi, yuko Chekereni, huko chini tambarare, analima mpunga. Chekereni. Mashamba yao nayaona nikisimama uwanja wa kanisa kukiwa hakuna ukungu. Miaka yote hii nilikuwa namtazama bila kujua.

Jumanne, 12 Machi

Hati ya kiapo tayari. Wakili yuko Njoro, pale mjini, chumba kidogo juu ya duka la vipuri. Akaniuliza kama naapa kwamba mimi ni mimi. Nikaapa.

Cheti cha ndoa nimekikuta ndani ya sanduku, chini ya suti ya marehemu. Nimeinusa ile suti. Hainuki kitu tena.

Mvua siku ya tatu. Sijaongea na mtu tangu Njoro.

Alhamisi, 21 Machi

Chekereni. Joto, tope, mbu mchana kweupe. Nilimkuta Rajabu ameketi kivulini mwa ukuta, mguu mmoja umevimba. Ana mvi kichwa kizima. Hakunitambua mpaka nilipotaja lori. Hapo akainuka, na kuinuka kwenyewe ni kazi.

"Sista," akasema. Hakuna aliyeniita hivyo tangu kule vitani.

Mkewe akatuletea wali na samaki. Tuliongea habari za watoto, magonjwa, bei ya mbolea. Kisha nikamweleza shida yangu. Hakuuliza ni tukio lipi. Akamwita mjukuu wake wa kike, mwalimu wa shule ya msingi, aandike, yeye akawa anamtajia taratibu.

Niliyosikia akimtajia, nitayaandika kesho. Leo siwezi.

Ijumaa, 22 Machi

Naandika.

Majeruhi walikuwa tisa kando ya barabara. Lori lilikuwa na nafasi ya watu saba kulala, maana maboksi ya dawa hatukuruhusiwa kuyaacha. Daktari alikuwa mbele na kikosi. Aliyebaki wa kuamua ni mimi. Rajabu alikuwa ameshawasha injini.

Nikanyoosha kidole. Huyu, huyu, huyu. Saba.

Wa nane aliitwa Damasi, kutoka Songea. Jeraha la tumbo. Nilijua hafiki, naye alijua. Wa tisa alikuwa na jeraha la paja. Hakuwa akilia. Wengine wote walikuwa wanaita mama zao, yeye kimya, macho wazi. Nikadhani anaweza kusubiri. Nikamfunga bendeji, nikampa maji, nikamwambia tunarudi.

Tulirudi asubuhi. Wote wawili walikuwa wamekufa. Yule wa paja alikuwa amevuja damu chini kwa chini, bendeji yangu imelowa hadi nyuma. Angefika. Ningemweka yeye mahali pa mmoja wa waliokuwa wakipiga kelele, angefika.

Sikujua hata jina lake.

Jana nilimwomba Rajabu awaondoe hao wawili. Aandike tulibeba saba, basi. Si uongo. Mjukuu akasimamisha kalamu, akamtazama babu yake.

Rajabu akasema, "Nikiwatoa hao, Sista, nitakuwa sijaandika kitu."

Nikamwambia ni rahisi kwake, hakuchagua yeye.

"Mimi niliondoa gari," akasema. "Uliponiambia twende, nilikwenda. Sikugeuza hata shingo."

Akaweka dole gumba kwenye wino, akaligandamiza chini ya karatasi. Tukasubiri basi la saa kumi. Aliniuliza kama nilikuwa nawaota. Nikasema zamani. Akasema yeye bado.

Jumamosi, 23 Machi

Barua ya Rajabu iko mezani. Nimeisoma mara nne. Nimeipeleka jikoni, nikasimama nayo karibu na moto, nikairudisha.

Naogopa. Nani atasoma? Karani. Bosi wake. Watu wa makao makuu. Watasema huyu mwanamke ndiye aliyewaacha, na anakuja kudai medali.

Jumatatu, 25 Machi

Nimeipeleka.

Karani aliisoma mbele yangu. Alipofika katikati akapunguza mwendo, nikajua amefika pale. Akamaliza, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye jalada. Akasema atanipigia. Kisha akanisindikiza hadi nje, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mlangoni akasema ana umri wa miaka ishirini na tisa na hajui angefanya nini.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Hakuna aliyekuja. Neema ana zamu, kaka yake yuko Mwanza, Krismasi ndiyo watakuja wote. Nimepika machalari, ndizi na nyama, sufuria ndogo. Hata hivyo yamebaki.

Ijumaa, 10 Mei

Kimya. Mvua inakatika. Nilipiga ofisini, wakasema jalada la Mushi linatafutwa.

Nimejiuliza leo kama nataka lipatikane.

Jumatano, 12 Juni

Wamelipata. Mafaili mawili sasa yamefungwa pamoja kwa uzi. Karani akanionyesha ukurasa mpya. Vita vya Kagera: alishiriki. Medali ya vita, na ya utumishi mrefu, ambayo nayo walikuwa wameiruka kwa sababu miaka ya Mushi haikuhesabiwa.

Taarifa ya kikosi imekubaliana na barua ya Rajabu. Majeruhi saba, waliofariki wawili. Nikauliza kama majina yao yapo. Akatafuta. La Damasi lipo. La pili karatasi imeliwa na mchwa.

Medali nilikabidhiwa dirishani, kila moja kwenye kijiboksi chake. Mzee aliyekuwa nyuma yangu akanipa mkono. Nikapanda basi. Nilitegemea kufurahi. Nilichokuwa nacho ni njaa.

Nilimpigia Rajabu kumshukuru. Akauliza jina la yule mwingine. Nikamwambia halisomeki.

Jumamosi, 15 Juni

Neema amepiga. Nikamwambia medali zimekuja, akafurahi, akataka nimtumie picha. Nikamwambia subiri, kuna jambo. Nikamweleza yote, tangu maboksi ya dawa hadi bendeji. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilipomaliza nilikuwa nimekaa chini.

Akalia. Akauliza kwa nini sikuwahi kusema. Nikamwambia hakuna aliyeuliza, nami sikutaka kuulizwa. Akasema atakuja mwisho wa mwezi. Labda. Kazi ni kazi.

Jumapili, 16 Juni

Baada ya ibada nikaingia ofisi ya parokia kuandikisha misa ya marehemu. Medali sikuzivaa. Katibu akafungua daftari, akauliza majina.

"Damasi," nikasema.

Akaandika. Akauliza kama kuna mwingine.

Nikamwambia yuko, ila jina lake silijui. Akauliza basi aandike nini. Nikafikiri. Watu walikuwa wanapita nje, wanasalimiana.

"Andika askari."

Akaandika: Damasi na askari. Kesho, misa ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi.