Mama Amemlisha Kasuku Bila Amri

Jumapili jioni, mwezi wa kumi. Mawingu yamekaa juu ya Kolwezi tangu asubuhi na mvua hainyeshi. Vumbi la malori ya madini liko mpaka kwenye vikombe. Nina hasira, na ninaandika kabla haijapoa, maana ikipoa nitaanza kujitetea.

Leo baada ya misa kulikuwa na sherehe ya parokia hapa mtaani Manika. Nilimfuata mama kwake, mtaa wa Kapata, tukaja pamoja, yeye amevaa kitenge chake kipya. Watu wote walisubiri maonyesho ya ndege. Kumbe ndege mwenyewe ni mmoja: kasuku wa kijivu, mkia mwekundu, mabawa yamekatwa, na bwana mwenye kofia akimwamrisha.

Kasuku nawajua. Tulipofukuzwa huku Katanga nilikuwa na miaka minane, tukaishia Kasai, karibu na Mwene-Ditu, na huko walipita kila asubuhi kwa makundi wakienda kwenye michikichi, wakipigiana miluzi asipotee hata mmoja. Kasuku akiwa huru hushika chikichi kwa mguu mmoja, analigeuza, analimenya, hana haraka na mtu. Akishiba huinamisha kichwa mwenzake amkune. Ningelipa kiingilio kumtazama akifanya hayo tu.

Huyu wa leo amefundishwa kupiga saluti na kugonga kengele. Halafu bwana mwenye kofia akatoa sanduku dogo la bati na behewa la mbao lenye magurudumu.

"Kwenu ni wapi?" akamuuliza ndege.

"Kasai!"

"Basi, rudia kwenu!"

Kasuku akauma mpini wa sanduku, akalikokota mpaka ndani ya behewa. Watu wakavunjika mbavu. Ndege akapewa karanga moja.

Na mimi nilicheka.

Nilicheka kwa sababu nyuma yetu walikaa watu wa ofisini kwangu, Mado na wenzake, na ofisini mimi ni mtu wa Musumba, mwenyeji wa Katanga, si wa Kasai. Ndivyo nilivyowaambia siku ya kwanza, miaka sita iliyopita: kwetu ni Musumba, wazazi wako huko. Ni mbali, barabara ni mbaya, nani angekwenda kuhakikisha?

Mama hakucheka. Mama alizaliwa Kapata, katika nyumba ya kampuni, kwa sababu baba yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Yeye Kasai hakuijua kabisa. Kampuni ilipoanza kuanguka na mishahara ikakatika, redio na mikutano ikasema wakosaji ni sisi watu wa Kasai. Majirani waliokuwa wakituazima chumvi wakaja kusimama mlangoni kutuambia turudi kwetu. Hakuna aliyezaliwa na maneno yale mdomoni. Walifundishwa, na njaa ikamalizia kazi. Tulilala gare, pale stesheni, wiki nyingi tukingoja treni. Mdogo wangu tulimzika njiani, kando ya reli. Miaka mingi baadaye, mambo yalipotulia, tulirudi.

Leo hayo ni mchezo wa kuchangia paa la kanisa!

Kisha bwana mwenye kofia akatafuta mtu wa kumpa ndege zawadi yake. Akamchagua mama, labda kwa sababu ya kitenge. Akamtia karanga moja mkononi na kumweleza: mpaka ndege aingie kwenye behewa, ndipo ampe.

Mama hakungoja. Alimpa ile moja, halafu akafungua fundo la kitenge, alikoweka karanga alizonunua mlangoni, akammwagia zote. Ndege akala. Alishika kwa mguu, akamenya, akatupa maganda, akala tena. Bwana akauliza kwenu ni wapi, akauliza tena kwa ukali. Kasuku akapiga mluzi mmoja mrefu, akainamisha kichwa mbele ya mama akunwe. Mama akamkuna.

"Mama, unaharibu kazi yangu!"

"Iko na njala, tata," mama akasema. "Akishiba, hatabeba tena sanduku yako."

Watu walizomea. Walikuja kumwona ndege akifanya vitu, na ndege alikuwa anakuwa ndege tu. Mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Na weye mama, rudia kwenu!" Kicheko tena.

Mama akageuka. "Kwetu ni Kapata," akasema. "Mi nilizaliwa kule."

Hapo ndipo nilipopaswa kusimama naye. Badala yake nilimvuta mkono. "Mama, ikala chini. Batu banatuangalia."

Ningeweza kuishia hapa, na hasira yote ikamwangukia mwenye kofia. Anastahili. Kumshindisha ndege njaa mpaka ajifukuze mwenyewe, na kuiita kazi hiyo ufundi! Lakini ndege angalau hutii kwa sababu ananyimwa karanga. Mimi nani aliyeninyima chakula leo?

Maana tulipokuwa tunatoka, Mado alitufikia getini. "Ule mama ni nani yako?"

"Ni mama ya jirani," nikasema. "Namusindikiza tu."

Mama alikuwa hatua moja kutoka kwangu.

Nilimfikisha Kapata, nikataka kumshika mkono apande ngazi, akapanda peke yake. Mlangoni akageuka, uso wake umetulia, hauna hasira hata kidogo.

"Aksanti, mwana ya jirani. Ufike muzuri."

Akafunga mlango.

Kesho asubuhi, kabla sijakaa kwenye kiti changu, nitamwambia Mado kwamba yule mama alinizaa mimi, hapahapa Kolwezi, na kwamba Musumba sijawahi kufika. Nitasema kwa sauti, wote wasikie. Kisha nitakwenda Kapata kubisha hodi. Sijui kama atafungua.